Waliokaa nyuma ya kioo cha benki waandike

Mwezi uliopita nilipanga foleni pale Gatumba, upande wa Burundi, nikisubiri karatasi yangu igongwe muhuri nivuke kwenda Kavimvira na kisha Uvira. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mwenye ndoo mbili za nyanya. Alikuwa akihesabu pesa zake polepole, na zilikuwa katika mafungu matatu. Faranga za Burundi zilikuwa kwenye kitambaa kiunoni. Faranga za Kongo zilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Dola alizilaza katikati ya kurasa za daftari la shule la mwanawe zisikunjike, maana kila anayefanya biashara Uvira anajua kwamba dola yenye mkato wa ukucha tu pembeni itarudishwa.

Nikamuuliza kama ana akaunti benki. Akacheka hadi askari akageuka kututazama.

"Mwanangu, benki ni ya watu wanaojua kuandika barua."

Mama huyo hubadilisha sarafu mara mbili au tatu kwa siku, hukopesha nyanya kwa wateja wake wa Uvira na kudai wiki inayofuata, na hukumbuka kichwani kiwango cha faranga cha jana, cha juzi na cha siku ya soko. Kwa kazi hiyo yeye mwenyewe ni benki. Lakini benki yenyewe, ile yenye kioo na kiyoyozi, ameiona kwa nje tu. Anachojua kuhusu yanayotendeka nyuma ya kile kioo amekisikia kwa watu ambao nao wamekisikia.

Ndiyo maana safu ya leo naielekeza kwa watu wasiosoma safu hii mara nyingi: makeshia, maofisa mikopo, wakaguzi, wasimamizi wa matawi, waliostaafu na walioacha kazi. Nyinyi wafanyabiashara wa mpakani mtanisamehe nikizungumza nao mbele yenu, kwa sababu hasara ya ukimya wao mnaibeba nyinyi.

Bujumbura imeshatoa mtu aliyetoka kwenye ulimwengu wa fedha akawa mwandishi, na jina lake linajulikana hata na wasiosoma vitabu. Ni Gaël Faye. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda. Mwaka 1995 vita vikamkimbiza hadi Ufaransa, bado mtoto. Huko akasoma, akachukua shahada ya uzamili katika mambo ya fedha, kisha akaenda London kufanya kazi katika mfuko wa uwekezaji. Alikaa kama miaka miwili. Halafu akaacha kazi ambayo vijana wengi wa kwetu wangefunga na kuomba ili waipate, akashika muziki. Albamu yake ya mwaka 2013 ilibeba jina la pilipili juu ya mkate wa siagi wa Kifaransa, na kwa mtoto wa baba Mfaransa aliyekulia Bujumbura sidhani kama jina hilo linahitaji maelezo. Mwaka 2016 akatoa riwaya, Petit Pays, yaani nchi ndogo, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Mwaka 2020 ikawa filamu. Riwaya yake ya pili, Jacaranda, ilipata tuzo ya Renaudot mwaka 2024.

Kwa hiyo mtoto wa Bujumbura aliyefanya kazi ya fedha London amekuwa mmoja wa waandishi wanaosomwa sana kwa Kifaransa. Tumpongeze, anastahili. Lakini aliyoyaandika ni utoto wa Bujumbura, vita, mauaji ya Rwanda na watu wanaorudi kutafuta walichokipoteza. Ile miaka miwili ya London haikuwa riwaya. Simlaumu, mtu huandika kinachomuuma, na kwake kilichouma hakikuwa kompyuta za ofisini. Ila nimesoma Petit Pays mara mbili, na mara ya pili niliiona kazi yake ya zamani ikichungulia mahali ambapo sikuitarajia.

Ni pale baiskeli inapoibiwa. Mvulana wa hadithi, Gabriel, anaibiwa baiskeli yake na mfanyakazi wa nyumbani. Baiskeli inauzwa, aliyeinunua anaiuza tena, na wanaoitafuta wanaifuata kutoka mnunuzi hadi mnunuzi mpaka mashambani, ambako wanaikuta kwa familia maskini iliyojinyima ili kuinunua kwa ajili ya mtoto wao. Wanaichukua. Haki imetendeka, maana mali imerudi kwa mwenyewe, lakini hakuna anayerudi nyumbani na furaha, kwa sababu mwizi ameshakula pesa, wa katikati wameshapata faida yao, na hasara nzima imemwangukia mtu wa mwisho ambaye hakumwibia mtu.

Mfanyabiashara yeyote wa Gatumba aliyewahi kushikwa na noti ambayo haipokelewi tena ataijua hadithi hiyo hata kama hajaona kitabu. Swali la nani anabaki na hasara mwisho wa mnyororo ndilo swali la kwanza katika kazi ya fedha. Faye analiweka mikononi mwa mtoto mwenye baiskeli na sisi tunaelewa bila kufundishwa. Hicho ndicho nakiomba kwa watu wa benki: waandike yale wanayoyajua kwa namna ambayo muuza nyanya atayaelewa na ofisa mikopo atayaonea aibu.

Wenzetu wa nje wamefanya hivyo zamani. Mwingereza P. G. Wodehouse aliingizwa mwaka 1900 katika ofisi ya London ya benki ya Hongkong na Shanghai, akatoroka mwaka 1902, na mwaka 1910 akatoa kitabu cha kuchekesha kuhusu vijana wanaoteseka kwenye madawati ya benki. Mmarekani Michael Lewis alikuwa muuzaji wa hatifungani katika kampuni ya Salomon Brothers. Mwaka 1989 akaandika Liar's Poker, akieleza jinsi vijana wasiojua kitu walivyolipwa mamilioni ili kuwauzia watu karatasi wasizozielewa. Alidhani anawatahadharisha wanafunzi. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba wengi walimwandikia kumwomba mbinu zaidi za kuingia kazini humo. Wasomaji nao wana vituko vyao.

Na sisi? Kitabu kimojawapo kinachojulikana mno Afrika Mashariki ambacho benki zimo ndani yake ni My Life in Crime cha John Kiriamiti, kilichotoka Kenya mwaka 1984, naye alikuwa jambazi. Tafakari hilo. Mtu aliyeingia benki na bastola ametusimulia, na aliyeingia humo kila asubuhi kwa miaka 30 akiwa na tai na kalamu amekaa kimya.

Msinielewe vibaya, najua kwa nini wananyamaza. Kuna kiapo cha kutunza siri za mteja, na kiapo hicho ni kizuri. Hakuna anayetaka kusoma gazetini kwamba fulani wa mtaa wa pili anadaiwa. Kuna pia hofu, na hofu hiyo ina historia. Mwaka 1991 kijana mmoja, David Munyakei, aliajiriwa Benki Kuu ya Kenya kama karani. Katika karatasi zilizopita mezani kwake aliona malipo makubwa kwa kampuni ya Goldenberg, iliyodai inauza nje dhahabu na almasi na kulipwa fidia na serikali. Kenya haina almasi ya kuuza namna hiyo. Karani akatoa nyaraka, zikafika kwa wabunge, kashfa ikalipuka mwaka 1993. Yeye alikamatwa, akapoteza kazi, na akafa mwaka 2006 akiwa maskini. Kisa chake kiliandikwa na mtu mwingine, Billy Kahora, si yeye.

Kwa hiyo simwambii keshia wa Bujumbura au wa Uvira akaanike nyaraka. Ana watoto wa kulisha. Namwambia jambo dogo zaidi, ambalo kwa maoni yangu lina manufaa ya kudumu: aeleze kazi yenyewe. Abadili majina, abadili mji, aite hadithi kama anaogopa kuita kweli. Siri ya mteja ibaki siri. Lakini namna benki inavyofikiri kabla ya kusema hapana si siri ya mteja yeyote, na ndiyo tunayoihitaji.

Chukua mkopo. Mwaka juzi nilimsindikiza ndugu yangu, dada wa mama mdogo, kuomba mkopo katika benki moja ambayo sitaitaja. Anauza vitenge, anavuka Kavimvira mara mbili kwa wiki, na hajawahi kushindwa kulipa kikundi chake cha kuweka na kukopa. Alipeleka kila kilichotakiwa. Alirudishwa mara nne, kila safari kwa karatasi nyingine, na mara ya nne akaambiwa faili lake "limekwenda kamati". Kamati ni nani? Inakaa lini? Inatazama nini? Hakuna aliyemwambia. Baadaye sana, mtu aliyekuwa ofisa mikopo mahali pengine kabisa alinieleza tukiwa tunakula ndagala: "Faili lile lilikuwa limekufa siku ya kwanza. Nyumba ni ya jina la mumewe, na mapato yake hayana karatasi. Zile safari nne zilikuwa adabu tu, hakuna anayependa kumwambia mteja hapana usoni."

Adabu! Siku nne za biashara, nauli, na vitenge vilivyokaa bila kuuzwa, kwa sababu ya adabu. Laiti yule ofisa angeyaandika hayo miaka mitano iliyopita, ndugu yangu angekwenda akiwa na mume wake na hati ya kiwanja siku ya kwanza, au asingekwenda kabisa akabaki na kikundi chake.

Chukua pia safari ya dola. Kutoka katikati ya Bujumbura hadi Uvira si mbali. Kukiwa hakuna foleni daraja la Rusizi na mpakani, unafika kabla chai haijapoa kwenye chupa. Lakini ukituma dola kwa njia ya benki kutoka mji mmoja hadi mwingine, kwa kawaida malipo hayo hupitia benki wakala zilizoko New York, kwa sababu huko ndiko dola husawazishwa. Kila anayeishika njiani hukata chake na huuliza maswali yake. Mfanyabiashara anayesubiri siku tatu au nne anadhani keshia amemficha pesa. Keshia anadhani mfanyabiashara ni mkorofi. Wote wawili wanangojea dawati lililo ng'ambo ya bahari, na mmoja tu kati yao analijua hilo. Si ajabu kwamba vijana wa kubadilisha pesa pale mpakani, wenye viti vya plastiki na mikoba kifuani, wanapata wateja kuliko kioo na kiyoyozi.

Na vijana hao nao wana mengi ya kuandikiwa. Februari 2020 Benki Kuu ya Burundi ilifuta leseni za maduka yote ya kubadilisha fedha. Mwaka 2022 ikayaruhusu tena. Katikati ya hapo biashara ya sarafu haikusimama hata kwa siku moja. Ilihamia mifukoni, nyuma ya maduka, kwenye simu. Mei 2023 kiwango rasmi kikarekebishwa, dola ikapanda kutoka faranga 2,000 na ushee hadi zaidi ya 2,800, na bado bei ya mtaani ikaendelea kuwa juu yake. Kila mfanyabiashara wa Gatumba anajua viwango viwili, cha ukutani na cha mdomoni. Ningependa kusoma kitabu cha mtu aliyekaa chini ya kile cha ukutani saa nane kila siku, akimwambia mteja "hatuna dola", huku wote wawili wakijua dola ziko hatua 50 kutoka mlangoni.

Halafu ikaja Juni 2023, na hapa ndipo ninapomwona mwandishi wetu. Tarehe 7 mwezi huo Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018 zinaondolewa. Watu wakapewa siku 10 kuzirudisha. Siku 10, katika nchi ambayo watu wengi huweka akiba zao ndani ya nyumba, chini ya godoro na ndani ya magunia ya mchele. Wengine walikuwa ng'ambo ya mpaka na mafungu ya noti hizo. Tuliona mistari ya watu ikizunguka majengo. Sisi waandishi wa habari tuliandika urefu wa foleni, tukapiga picha, tukaondoka. Tulikuwa upande wa nje wa kioo.

Aliyekuwa ndani aliona tusichokiona. Aliona bibi akifungua khanga na kutoa mahari ya mjukuu. Aliona mke akigundua mume ana kiasi gani, na mume akigundua kwamba mke ana zaidi. Aliona noti zilizooza, zilizoliwa na panya, zinazonuka samaki. Aliona wakubwa wakipitia mlango wa nyuma, au hakuwaona; sijui, na ndiyo maana namwomba aniambie. Aliona jioni ya siku ya mwisho. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo amebeba kitabu kizima, na kila mwaka unaopita anasahau ukurasa mmoja.

Kuna watakaoniambia: mfanyabiashara wa Gatumba hasomi riwaya, ana shughuli. Nimeisikia hoja hii hata katika chumba chetu cha habari, na siikubali. Watu hawa husoma. Husoma ujumbe wa simu wa kiwango cha asubuhi, husoma stakabadhi ya forodha, husoma uso wa askari. Hawasomi yasiyowahusu, kama watu wengine wote. Na kwa lugha gani? Hapa nawaambia wale makarani wanaodhani kuandika ni kwa Kifaransa ama si kuandika. Kutoka Buyenzi hadi Uvira, Bukavu na Kigoma, lugha ya kupatana bei ni Kiswahili. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Itifaki ya sarafu moja ilisainiwa mwaka 2013, tukaahidiwa mwaka 2024, sasa tunaambiwa 2031. Benki za Tanzania na Kenya, CRDB na KCB, zina matawi Bujumbura tangu 2012. Pesa za kanda zinajifunza kuzungumza pamoja taratibu sana; wanaozihesabu wangeweza kutangulia.

Wala hawatakuwa wa kwanza kutoka dawatini. Shaaban Robert, kabla ya kuwa yule tunayemjua, aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926 na akaitumikia kwa miaka mingi, Pangani na kwingineko. Forodha! Kazi ileile ya yule kijana anayefungua ndoo za nyanya pale Gatumba. Alihesabu mizigo ya watu mchana na kuandika usiku, na maisha ya kazini hayakumwonea haya alipoandika habari za maisha yake.

Nina mtu mmoja akilini. Ni mzee anayeishi Gatumba, alifanya kazi ya benki tangu ujana hadi kustaafu, na nyumba yake imeingiliwa na maji ya Rusizi zaidi ya mara moja. Mafuriko ya mwaka 2020 yalimharibia kila kitu isipokuwa sanduku la bati alilolipandisha darini. Ndani yake kuna madaftari. Aliandika kila jioni mambo ya siku: kiwango, foleni, nani alilia, nani alimletea embe, kosa la hesabu lililomfanya alale ofisini. Majina hakuandika, aliweka herufi tu, kwa ajili ya kile kiapo.

Nilipomuuliza kwa nini hajayachapisha, alisema, "Nani atayataka mambo ya keshia?"

Nilimweleza habari za yule mama wa nyanya. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama mama huyo huvuka siku gani. Nikamwambia Jumanne na Ijumaa. Akaomba nimnunulie madaftari mapya manne Bujumbura, yenye mistari, na kalamu za wino mweusi kwa sababu wa bluu hufutika maji yakiingia. Nimeshampelekea.